Vinukta vya Koo la Ngoie

Kamina, Jumapili, saa tisa mchana

Kalenga mwanangu,

Mama yako yuko nje anakupigia pasi mashati, na kila shati analimalizia kwa agizo: usilale bila chandarua, usile vya watu usiowajua, mtafute mjomba wako huko Elisabethville kabla wiki haijaisha. Hayo muachie yeye, anayajua kuliko mimi. Mimi nimejifungia humu labo, chumba cha vipimo cha hospitali. Leo hakuna kazi, wagonjwa wamelala, na ninakuandikia habari ya mtu mmoja.

Juzi barua ya shule ilipofika na majina ya walimu, ulinisomea kwa sauti, na furaha yako yote ile. Ulipofika jina la tatu nikatoka nje. Ulidhani nimekwenda kutema mate. Ni kweli, nilitema. Huyo atakayekufundisha mambo ya mikrobi, atakayeshika alama zako miaka mitatu, njo yule aliyemwacha dada yako Ngoie akafa. Sisi wafanyakazi wa hapa tulimwita Bwana Saa, kwa sababu ya saa ya mfukoni aliyokuwa akiitoa kila dakika kama mtu anayengojea treni. Nami nitamwita hivyo hivyo. Jina lake kamili likipita kwenye kalamu yangu nitachana karatasi.

Nataka alipe, Kalenga. Nakuambia waziwazi usije ukafikiri baba yako amezeeka na moyo umepoa. Haujapoa hata kidogo. Lakini kesho unapanda treni kwenda kukaa mbele ya mtu huyo, na huwezi kwenda ukiwa na nusu ya habari. Nusu uliyo nayo ni ile niliyokuwa nikiisimulia mezani miaka yote. Nusu ya pili hata mama yako hajaisikia.

Wewe ulikuwa Kabongo kwa bibi yako, mwaka ule vita vya wazungu vilipoisha. Ulirudi ukakuta kitanda kimoja kimetolewa nyumbani. Kwa hiyo ngoja nianze na siku zenyewe.

Ngoie alirudi kutoka masomo na homa, akasema koo linamuuma. Siku ya pili nilimfungua kinywa mlangoni, kwenye mwanga, nikaona ngozi ya kijivu imeshika nyuma ya ulimi, na shingo imevimba hadi chini ya masikio. Mimi nilikuwa na miaka saba ya kazi ya labo. Nilijua ni difteri, dondakoo linaloziba pumzi. Nilimpangusa kooni kwa pamba ya kijiti, nikakimbia nayo labo huku kampi nzima ya shemendeferi, watu wa reli, ikiniangalia.

Unajua kazi hii, nimekufundisha mwenyewe, lakini nairudia ili ufuate vizuri. Pamba ya koo unaipaka juu ya chakula cha mikrobi, unakiacha kwenye joto mpaka kesho yake. Asubuhi unachota kidogo, unapaka juu ya kioo, unatia rangi ya buluu, unatazama. Mikrobi ya difteri ni kijiti. Vijiti viko vingi kooni mwa watu wazima na watoto, vingine havina neno kabisa. Cha difteri unakitambua kwa vinukta vyake vya ncha. Na jambo la kushangaza, Kalenga, lile lililonifanya niipende kazi hii tangu siku ya kwanza: unatia buluu, lakini vile vinukta vinatoka vyekundu vya zambarau. Rangi yenyewe inageuka ikivigusa. Hakuna aliyenieleza sababu. Waliniambia tu: ukiona vinukta, andika positif.

Munganga mkubwa, daktari wetu, alikuwa safarini vijijini. Bwana Saa, mzungu msimamizi wa labo, njo aliyebaki na amri, na ufunguo wa frigo. Ndani ya frigo mlikuwa na sindano za difteri, vichupa vya dawa nilivyovipanga mimi mwenyewe, na amri ilikuwa moja: hakuna sindano bila karatasi ya labo. Karatasi ilitaka sahihi mbili, ya aliyetazama na ya mkubwa wake.

Asubuhi ile nilitazama kioo cha mwanangu mwenyewe. Jicho lilikuwa linatoa machozi, nikalifuta, nikatazama tena. Vijiti vilikuwapo vingi. Vinukta, hapa kimoja, pale kimoja. Nilimwita.

"Bwana, minyi naona binukta. Bitatu, bine."

Alikaa, akageuza kioo huku na huku. Akatoa saa yake.

"Bitatu haiko kintu. Difteri iko na binukta kila pahali. Hii hapana. Négatif."

"Bwana, shingo yake imebimba. Kuja tu uone mutoto, nyumba iko karibu. Nakuomba."

"Midi," akasema. Saa sita, saa ya kula. "Leta pamba ingine kesho."

Halafu akanisogezea karatasi. Yeye alikuwa ameshaandika négatif na kutia sahihi yake. Mahali pa sahihi yangu palikuwa peupe.

Nikatia. Ndiyo, nilitia. Hilo nalo ulikuwa hulijui. Mezani nilikuwa nasema "walikataa kumpa sindano", na nyinyi mkaona picha ya baba anapigana na wazungu mlangoni. Baba alichukua kalamu, akaandika jina lake lote kwa mwandiko mzuri wa misioni, akasema "Merci, Bwana". Niliogopa kazi. Niliogopa nyumba ya kampi, maana mtu akifukuzwa kazi, nyumba inaondoka siku ileile. Niliogopa kuitwa muntu anayejibu. Nilijiambia kesho nitaleta pamba nyingine na itaonyesha, ni kesho tu.

Ngoie alikufa kesho yake kabla jua halijatoka vizuri. Alikuwa anatafuta pumzi kwa mikono, Kalenga, kama unaweza kuelewa hivyo. Mama yako aliniuliza mara moja tu, katikati ya kilio, "Weye unatazamaka mu mashini kila siku. Uliona nini?" Nikamjibu, "Niliona, njo yule muzungu alikataa." Tangu siku hiyo hajaniuliza tena, na majirani bado wanamwita Mama Ngoie, na yeye anaitika.

Miezi mitatu baadaye Bwana Saa alinipa kikapu cha vichupa, akaniambia nikavimwage shimoni nyuma ya jiko, tarehe zake zimepita. Vilikuwa kumi na viwili, sindano za difteri, hakuna hata kimoja kilichofunguliwa. Nilivivunja kimoja kimoja kwa jiwe. Wakati wa kuvunja cha mwisho nilisema kwa mdomo wangu, Vidye, Mungu wetu, akisikia: mtu huyu nitamlipa, na nitamlipa kwa kitu kilekile.

Na nilipata nafasi. Watu wengi wanaomba nafasi ya namna hiyo maisha yao yote, wanakufa hawajaipata. Mimi niliingojea miaka miwili tu.

Mtoto wa kike wa Bwana Saa, miaka sita, koo. Alileta pamba mwenyewe, bila kofia, shati limefungwa vibaya. Kesho yake saa moja asubuhi alikuwa ameshafika labo kabla yangu. Akakaa kwenye mikroskopi, kioo kikamdondoka kikavunjika. Akaniambia, "Tazama weye. Tazama weye, tafadhali." Tafadhali! Tangu azaliwe alikuwa hajamwambia mtu mweusi neno hilo, naapa.

Nikatengeneza kioo kingine, nikatia rangi, nikaweka jicho. Hapakuwa na swali. Vijiti vimelaliana kila upande, kila kimoja na vinukta vyake vya zambarau nchani, viwili, vitatu, vimejaa tele. Hata mwanafunzi wa siku ya kwanza angesema. Nilijua kabla sijavuta pumzi ya pili.

Nikainua kichwa, nikasema, "Bado, Bwana. Rangi bado kukamata muzuri. Tungoje."

Tukangoja. Yaani yeye alingoja, mimi nilikuwa nakula hofu yake. Alitoa saa yake, akairudisha, akaitoa. Nikatengeneza kioo cha pili, polepole. Nikakiosha, nikakikausha, nikapangusa lenzi ambayo haikuwa chafu. Akauliza, "Unaona?" Nikasema, "Bitatu, bine." Nilitumia maneno yale yale, na sauti ile ile. Nilitaka akumbuke. Hakukumbuka! Ee, hilo ndilo lililonichoma zaidi, alinitazama kwa macho ya mtu anayesikia habari hiyo kwa mara ya kwanza. Nilimweka hapo saa nzima na robo, kwa saa yake mwenyewe, halafu ndipo nikasema, "Positif, Bwana. Kimbia."

Mtoto alipona. Lakini kwa wiki nyingi maziwa aliyokunywa yalimtokea puani, na sauti yake ikawa ya puani, watoto wenzake wakamwiga. Ugonjwa huo unalegeza mishipa ya koo, na hufanya hivyo hata kwa waliochomwa sindano mapema. Munganga mmoja nilimuuliza baadaye, kwa kuzungukazunguka, kama saa moja inaweza kuleta tofauti. Akasema pengine hapana. Sawa. Lakini mimi najua nilichokitaka ndani ya saa ile, na nilikitaka kwa mtoto mwenye miaka sita aliyekuwa akinipungia mkono akipita na baiskeli. Na nikwambie ukweli wote, maana leo nimeamua: ilikuwa tamu. Nilikwenda nyumbani nikala bukari sahani mbili.

Muda mfupi baadaye alihamishiwa Elisabethville, na mimi nikabaki na hasira isiyo na pa kwenda. Njo hapo nilipoanza kukuleta labo. Ulikuwa na miaka kumi na mmoja. Ulidhani baba anakupenda akakupa mikroskopi badala ya mpira. Nilikupenda, ndiyo. Lakini pia nilikuwa nanoa kisu, mwanangu, na kisu kilikuwa wewe. Nilitaka siku moja uwe na elimu kumpita, ukae kwenye kiti chake, yeye akiangalia. Unisamehe kwa hilo. Mtoto hatakiwi kuwa kifaa cha mtu.

Sasa nakuja kwenye ile nusu ya pili.

Base ya askari ilipoanza kujengwa hapa Kamina, aliletwa munganga kijana, mtu wa vitabu, aliyekuwa anakunywa munkoyo na wafanyakazi bila aibu. Huyo njo mzungu wa kwanza kuniuliza mimi ninaona nini kabla ya kuniambia nione nini. Siku moja nikamuuliza juu ya vinukta. Miaka kumi na tatu nilikuwa navihesabu sijui ni nini. Akacheka kwa furaha, akasema hata Ulaya wamejua juzijuzi tu, na walianza kwa kuchungulia hamira ya mkate. Ni fosfati, akasema. Fosfati moja inashika nyingine, hiyo inashika nyingine, mamia kwa mamia, mpaka inakuwa treni ndefu. Akaonyesha kwa kidole kule gare, kwenye stesheni, mabehewa yamefungwa. Mikrobi ikiwa na chakula kingi inafunga mabehewa na kuyaweka akiba. Njaa ikija inayafungua moja moja, na kwa fosfati hiyo inajenga watoto wake na kuendelea kuishi. Wengine wanadhani inapata na nguvu humo, wengine wanabisha, bado wanagombana, akasema. Na rangi ya buluu inageuka kwa kuwa inapangika juu ya treni ile kwa wingi, imebanana.

Akaniambia na hili: mikrobi iliyoshinda njaa ya fosfati, ukiipatia tena, inaweka akiba kuliko ile ambayo haijawahi kuona njaa. Yeye alilisema kama jambo la kitabu. Mimi nililielewa haraka kuliko yeye.

Tukafanya jaribio, mimi na yeye, kwa hamira ya mwokaji mikate wa kampi. Chupa moja tuliinyima fosfati. Baada ya siku mbili nikatazama: hamira ziko hai, zimenawiri, lakini ndani hakuna kinukta hata kimoja. Safi kabisa. Tukatia chumvi ya fosfati, kidogo tu, ncha ya kisu. Nilitazama tena saa chache baadaye, zimejaa zambarau. Munganga akapiga makofi. Mimi nikakaa kwenye kiti.

Juu ya nini, kwa sababu gani? Juu ya maji.

Chakula cha mikrobi ya difteri kinapikwa kwa maji ya damu ya ng'ombe, yale ya manjano yanayobaki juu damu ikishaganda. Kazi ya kukipika ilikuwa yangu. Wiki ile Ngoie alipougua, machinjioni hawakuwa na ng'ombe, walichinja mbuzi wawili tu kwa ajili ya mess, nyumba ya kulia ya wazungu. Chupa yangu ilijaa nusu. Kumwambia Bwana Saa "Bwana, damu haitoshi" maana yake ni matusi asubuhi nzima na adhabu mwisho wa mwezi. Kwa hiyo niliongeza maji. Nilikuwa nimefanya hivyo mara mbili kabla, wenzangu wote walifanya hivyo, tulifundishana: maji kidogo, unapika polepole, kinaganda, nani atajua? Wiki ile niliongeza mengi. Kiliganda kwa shida, kikawa laini kama uji uliopoa, nikakisifu.

Nilirudia kila kitu peke yangu. Nilipika kimoja sawasawa na kingine kwa maji yale yale ya wiki ile. Nikapanda mikrobi moja, ya mgonjwa mmoja, kwenye vyote viwili. Kesho yake kwenye kile kizuri vinukta vimejaa. Kwenye kile cha maji, vijiti vitupu, kinukta hapa kimoja, pale kimoja. Bitatu, bine.

Umeelewa? Mikrobi iliyomuua dada yako ilikuwa na njaa kwenye chakula nilichokipika mimi, ikakosa cha kuweka akiba. Bwana Saa alitazama, hakuona vinukta kila pahali, kwa sababu havikuwapo. Hakudanganya. Miaka yote nimemwita mwongo, na jambo moja ambalo hakulifanya asubuhi ile ni kusema uongo.

Usidhani nimemsamehe. Wapi! Shingo ilikuwa imevimba, nyumba ilikuwa karibu kuliko kanisa, mtoto angeweza kuonwa na kipofu. Angeacha kijiko chake nusu saa. Angechukua kichupa kimoja kati ya vile kumi na viwili vilivyokwenda shimoni. Vinukta vitatu vilitosha kwa mtu mwenye hofu, na yeye hakuwa na hofu yoyote, kwa kuwa mtoto hakuwa wake. Hilo ni lake, litakaa kwake, na mimi nikimwona kesho barabarani sitamsalimu. Lakini hasira yangu ilikuwa ya watu wawili, na nilimbebesha mmoja.

Sasa sikiliza nilichokuwa nimekuandalia. Nilikuwa nimeandika swali, nikupe ulifiche, umuulize mbele ya darasa zima mwaka wa kwanza: "Mwalimu, mikrobi ya difteri yenye njaa ya fosfati, utaijuaje kwa mikroskopi?" Mtu yule hasomi vitabu vipya, namjua. Angejibu kwa kiburi, "difteri ina vinukta kila mahali", na wewe ungesimama ukamwonyesha, kioo kwa kioo, wanafunzi wakicheka. Nimeyaona akilini macho yake ya aibu mara elfu. Nimekuwa nikiyala kabla ya kulala.

Halafu juzi, baada ya kutema mate, nikafikiri: ikiwa atajibu vizuri je? Ikiwa atasema, "Kijana, ikiwa na njaa, muulize aliyepika chakula chake"? Utanitazama vipi ukirudi likizo? Ndiyo maana ninaandika. Sikutaka usikie kwake.

Muulize au usimuulize, hiyo ni kazi yako. Sikupi swali hilo kama agizo. Ukimuuliza, jibu lote ulitoe mwenyewe, na mpishi umtaje kwa jina. Na siku akikuuliza wewe ni mtoto wa nani, usiinamishe kichwa, useme jina langu kwa sauti, umtazame mpaka aangalie pembeni. Hilo tu nalitaka kutoka kwako, na hilo ni kwa ajili ya Ngoie. Yaliyobaki kati yangu na yeye ni yangu. Siku ya kumaliza masomo yako nitapanda treni nije, nimweleze uso kwa uso sindano kumi na mbili na saa moja na robo, vyote viwili siku moja, tuone nani atakaa chini kwanza.

Barua hii utaipata jioni, mkononi mwangu. Isome peke yako, kabla ya kulala.

Maana sasa hivi natoka humu. Pasi imenyamaza, mama yako amemaliza mashati. Nitamwambia habari ya maji kabla hajaingia jikoni. Nimeogopa wanaume wenye funguo maisha yangu yote, lakini hakuna niliyemwogopa kama mwanamke huyu, na sijui atafanya nini. Kesho asubuhi gare, ukituona tumesimama mbalimbali, mimi huku na yeye kule, usishuke. Tupungie mkono wote wawili, uende.

Baba yako